Albamu za Cyrille Aimée: uanze na ipi, na ipi isubiri

Ukiwa na pesa ya albamu moja tu ya Cyrille Aimée, mwimbaji wa jazz kutoka Ufaransa, chukua It's a Good Day ya mwaka 2014. Ukiweza mbili, ongeza Let's Get Lost ya 2016. Move On ya 2019 huenda ndiyo kazi aliyoiumizia kichwa kuliko zote, lakini haifai kuwa mlango wa kuingilia. Na anayeanza na Petite Fleur ya 2021, ile aliyoimba na bendi kubwa ya New Orleans, anaweza kuimaliza akajiuliza sifa zote zile ni za nini.

Tofauti hiyo inatokana na jambo moja: Aimée ana sauti nyepesi. Si sauti ya kujaza ukumbi bila maiki, wala si ile ya kuunguruma ya wanawake wa bluzi wa miaka ya 1920 kama Bessie Smith. Inakaa juu, ina ukwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, na noti haitikiswi ovyo. Nguvu yake iko kwenye wakati: anajua neno liangukie mbele ya pigo, juu yake au nyuma yake kidogo. Sauti ya aina hii huishi kwa majirani zake. Ipe gitaa, besi na drams za brashi, utasikia kila silabi. Iwekee safu ya tarumbeta na trombone, itabidi ama ipandishwe kwenye mitambo ama mwimbaji akaze koo. Safari yake yote ya kikazi, kutoka Ufaransa hadi New York, New Orleans na Kostarika, unaweza kuifuata kwa kuangalia nani amekaa naye kwenye kila albamu.

Mahali magitaa yanapotoka

Alizaliwa 1984, baba Mfaransa na mama wa Jamhuri ya Dominika, akakulia Samois-sur-Seine, kijiji kilicho kando ya mto Seine karibu na Fontainebleau. Kwa mpenzi wa jazz jina la kijiji hicho linatosha. Mpiga gitaa Django Reinhardt aliishi hapo miaka yake ya mwisho hadi alipofariki 1953, na kwa miaka mingi tamasha la kumkumbuka lilifanyika hapo kila kiangazi. Wanamuziki wa Manouche, jamii ya Waroma aliyotoka Django, walikuja na misafara yao, wakapiga kambi, na muziki uliendelea kambini baada ya jukwaa kufungwa. Binti huyo wa kijijini alijifunza kambini kabla ya kujifunza darasani.

Alichokiokota pale kina jina: la pompe. Ni upigaji wa gitaa la rithimu unaofanya kazi ya drams. Katika kila kipimo cha mapigo manne, pigo la kwanza na la tatu huguswa kwenye nyuzi za chini, fupi na laini. La pili na la nne hupigwa nyuzi zote kwa nguvu, kisha vidole vya mkono wa kushoto hulegezwa papo hapo ili sauti ikatike. Kosa la wanaoanza ni kuacha pigo la pili lilie kwa muda mrefu. Likilia, mwendo unakuwa mzito na mwimbaji anajikuta anaburuta bendi. Kosa la pili ni kukaza kifundo cha mkono, kwa sababu wimbo wa mapigo 220 kwa dakika ukipigwa dakika nne unadai karibu mapigo 900, na mkono uliokazwa huchelewa kabla ya nusu ya safari.

Gitaa lenyewe ni la muundo wa Selmer, uliotengenezwa Ufaransa kati ya 1932 na 1952. Nyuzi ni za chuma, na matoleo ya baadaye yana tundu dogo la umbo la yai na urefu wa uzi wa milimita 670, wakati magitaa mengi ya kawaida yanazunguka 650. Hupigwa kwa kikwaruzo (kipande kidogo cha kupigia nyuzi) kinene, milimita 3 au zaidi. Sauti yake ni kali, inatoka haraka na kufa haraka. Ndiyo maana inafaa kumsindikiza mwimbaji mwepesi: haina mkia mrefu wa kumfunika. Kundi la Django la mwaka 1934, Quintette du Hot Club de France, lilikuwa na magitaa matatu, fidla na besi, bila drams kabisa.

Magitaa matatu ya 2014

It's a Good Day, iliyotolewa na lebo ya Mack Avenue, inarudi kwenye hesabu hiyo ya magitaa matatu lakini kwa njia yake. Adrien Moignard anapiga gitaa la Manouche, Michael Valeanu gitaa la umeme, na Guilherme Monteiro wa Brazili analeta mkono wa samba na bossa nova. Besi ni ya Sam Anning na drams ni za Rajiv Jayaweera, Waaustralia wawili waliohamia New York. Ukihesabu, hakuna hata mmoja aliyezaliwa mji ule bendi ilikoundwa.

Masikio yaliyolelewa na muziki wa dansi hayatapata tabu hapa. Anayejua kutofautisha solo na rithimu, au anayesikia jinsi solo wawili wa Kikongo wanavyojibizana kwenye sebene bila kukanyagana, tayari ana ufunguo wa albamu hii. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyeajiriwa kudumu kwenye rithimu. Kazi inahama. Anayetoka kupiga solo anarudi kubeba mwendo, na mwenzake anatoka.

Magitaa matatu kwenye chumba kimoja ni hatari, na mafundi wa studio wanaijua hatari hiyo. Yote yanaanzia karibu herzi 82, uzi wa chini kabisa, na sehemu kubwa ya noti zake iko chini ya herzi 1,000, eneo lile lile anamoimba mwanamke. Yakipigwa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) nzima kwa wakati mmoja, maneno yanazama. Dawa si kupandisha sauti ya mwimbaji. Hapa dawa iliyotumika ni mbili: kwanza, magitaa yenyewe yana rangi tofauti, la chuma likiuma juu, la umeme likiwa la mviringo katikati, la Kibrazili likiwa laini, pili, yanapokezana, na linalobeba kodi linaacha wengine wapige noti moja moja. Sikiliza Love Me or Leave Me na ujaribu kumfuata mpiga gitaa mmoja tu mwanzo hadi mwisho. Rudia kwa mwingine. Mara ya tatu utaelewa kwa nini sauti ya Aimée haikuhitaji kusukumwa.

Off the Wall ya Michael Jackson imo humo pia, na ndiyo kipimo kizuri cha kujua kama albamu itakufaa. Wimbo wa disko wa 1979 umevuliwa besi yake ya umeme na kupewa magitaa. Ukiona ni mchezo wa kuchekesha, endelea na Ella Fitzgerald, hakuna ubaya. Ukiona umekaa vizuri, nunua.

Let's Get Lost imepunguza gitaa moja: wamebaki Moignard na Valeanu. Inasikika na nafasi zaidi, na mpangilio wa nyimbo una akili. Estrellitas y Duendes ya Juan Luis Guerra ni upande wa mama, Kihispania cha Dominika. T'es beau, tu sais, aliyoiimba Édith Piaf, ni upande wa Ufaransa. Samois à Moi ni kijiji chenyewe. Na wimbo wa kwanza kabisa, Live Alone and Like It, ni wa Stephen Sondheim, mtunzi wa tamthilia za muziki wa Marekani, mbegu ya albamu itakayokuja miaka mitatu baadaye.

Bluzi iko wapi?

Anayemtafuta Aimée kama mwimbaji wa bluzi lazima aambiwe ukweli: bluzi kwake ni umbo zaidi kuliko kilio. Nenda moja kwa moja kwenye Laverne Walk, katika Let's Get Lost. Ni utunzi wa Oscar Pettiford, mpiga besi, na hapa ni sauti na besi peke yake.

Umbo ni la vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Vinne vya kwanza vinakaa nyumbani, kwenye kodi ya kwanza, yaani iliyojengwa juu ya noti ya kwanza ya ngazi. Viwili vinahamia kodi ya nne, viwili vinarudi nyumbani. Viwili vinavyofuata hupanda kodi ya tano kisha kushuka, na viwili vya mwisho vinafunga mlango na kuuandaa tena. Besi ikiwa peke yake, hakuna anayekupigia kodi. Lazima mwimbaji aibebe kichwani na kuionyesha kwa noti anazochagua. Aimée anafanya hivyo kwa skati, silabi zisizo na maana, na hapo ndipo unapojua kama mwimbaji anajua kazi au anabahatisha. Anayebahatisha huimba noti zile zile za ngazi ya bluzi kwenye vipimo vyote 12. Zinakubali, lakini kodi ikibadilika husikii kitu. Anayejua hubadilisha noti ya tatu na ya saba ya kila kodi inapohama, na ukiondoa besi bado utasikia nyumba iko wapi.

Kwa mwimbaji anayetaka kuitumia kama darasa, mpango unaofanya kazi ni huu. Punguza mwendo hadi asilimia 75 kwa programu yoyote isiyobadilisha ufunguo. Imba mstari wa besi kwanza, vipimo vyote 12, mpaka usihitaji kuhesabu kwa vidole. Halafu imba noti ya tatu ya kila kodi peke yake, ndefu, moja kwa kila kipimo. Kisha ya saba. Baada ya hapo tu ndipo uanze silabi. Wengi huanza na silabi, du-ba-di-ba nyingi za haraka, na baada ya dakika mbili wote wanafanana. Silabi ni konsonanti tu za kugonga noti: d na b kwa noti zinazoanza, l na n kwa zinazounganishwa. Zikijaa d tupu, mstari unakuwa kama mashine ya kushonea.

Albamu ya 2014 nayo ina kipande kingine cha Pettiford, Tricotism. Hicho si bluzi ya vipimo 12. Ni umbo la vipimo 32, na melodia yake ni ngumu zaidi kwa koo kwa sababu iliandikwa kwa vidole vya besi, vinavyoruka nyuzi bila kuhitaji pumzi. Tafuta mahali pa kupumua kabla ya kujaribu.

Mashine ya lupu

Jukwaani amejulikana pia kwa kuimba peke yake akitumia mashine ya lupu: anarekodi sauti, mashine inairudia, anaongeza nyingine juu yake mpaka anakuwa kwaya. Ni sehemu ya onyesho lake inayoigwa sana, na inayoharibika sana mikononi mwa waigaji.

Hesabu yake ni hii. Mwendo ukiwa mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.6, kipimo ni 2.4, na vipimo vinane ni 19.2. Ukikanyaga pedali kufunga lupu sekunde 0.1 baadaye, lupu yako sasa ni 19.3. Ukiwa peke yako utasikia kama kikwazo kidogo kila inapozunguka, na utakivumilia. Ukiwa na mpiga drams anayeshika mwendo sawasawa, anakuacha kwa 0.1 kila mzunguko, na baada ya mizunguko sita mmeachana kwa pigo zima. Hapo lawama humwangukia mpiga drams asiye na kosa. Kwa hiyo pedali hukanyagwa kwenye pigo la kwanza la kipimo cha tisa, si mwishoni mwa la nne la kipimo cha nane, na mguu huanza kushuka kabla, kama mguu wa mpiga besi drams. Mashine zenye uwezo wa kujirekebisha kwenye pigo husaidia, ila zinakata mkia wa neno la mwisho ukilivuta.

Tabaka la kwanza liwe la mapigo au la besi, kavu na fupi. La pili na la tatu ziwe noti za kodi. Sauti tofauti nne zenye nguvu sawa, zikijumlishwa, huwa juu ya moja kwa takriban desibeli 6, na mwimbaji anapokuja na maneno hakuna nafasi. Shusha kila tabaka jipya kidogo kuliko lililotangulia, au usogee mbali na maiki sentimita kumi hadi kumi na tano kila unapoongeza.

Tatizo la pili ni spika ya jukwaani inayomwelekea mwimbaji. Lupu inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki iliyo wazi, inarekodiwa upya, na kila tabaka linabeba matope ya lililotangulia hadi mitambo ipige mluzi. Kwa maiki ya kawaida yenye umbo la moyo, kama Shure SM58, spika ikae nyuma ya maiki kabisa, maana huko ndiko isikosikia. Kwa zile zinazobana upande zaidi, spika mbili zikae pembeni kwa nyuma. Na funga kurekodi mara tu tabaka linapokamilika. Usiiache mashine ikiendelea kuongeza huku ukiwasalimia watu.

Aimée anachofanya vizuri, na mashine haiwezi kumfanyia, ni kuacha mapengo. Tabaka zake hazijazi kila pigo. Kila moja lina sehemu ya kunyamaza, na tabaka linalofuata linaingia humo.

New York na mashindano

Alisoma jazz SUNY Purchase, chuo cha serikali kilicho kaskazini ya jiji la New York. Mwaka 2007 alishinda shindano la waimbaji la Montreux, Uswisi. Mwaka 2010 aliingia fainali ya shindano la Thelonious Monk, ambalo mshindi alikuwa Cécile McLorin Salvant. Hapo kuna kichekesho kidogo: Salvant ni Mmarekani wa Miami aliyejifunzia jazz Aix-en-Provence, Ufaransa, na Aimée ni Mfaransa aliyeisomea Marekani. Mwaka 2012 akashinda shindano la Sarah Vaughan huko Newark, lilipofanyika kwa mara ya kwanza.

Msomaji anaweza kuuliza mashindano haya yana kazi gani. Pesa na mialiko, ndiyo, lakini kwa mwanamuziki wa kigeni anayetaka kufanya kazi Marekani yana uzito mwingine. Viza inayotumiwa na wasanii wenye jina, O-1B, haiombwi na msanii mwenyewe. Lazima mwajiri au wakala wa Marekani apeleke fomu I-129, na faili liwe na barua ya maoni ya chama cha wanamuziki pamoja na ushahidi wa sifa. Hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu kwanza, kisha huongezwa. Tuzo ya kimataifa ni karatasi nzito kwenye faili la namna hiyo. Video yenye watazamaji wengi haina uzito huo. Makosa ya kawaida ni kuleta ushahidi usiotafsiriwa kwa Kiingereza, au ratiba ya maonyesho isiyo na mikataba nyuma yake.

Kutoka kipindi hicho kuna albamu za kununua kwa uangalifu. Smile ya 2009 na Just the Two of Us ya 2010, zote na mpiga gitaa wa Brazili Diego Figueiredo, ni nzuri kwa anayetaka sauti na gitaa tu bila zaidi. Live at Smalls ya 2011 ilirekodiwa katika klabu ndogo ya chini ya ardhi huko Greenwich Village, na ina Roy Hargrove kwenye tarumbeta, Joel Frahm kwenye saksofoni na Spike Wilner kwenye piano. Hii ndiyo albamu ya kumnunulia asiyeamini kwamba binti wa magitaa anaweza kusimama na wapuliza vyombo wa New York. Anaweza, na sababu ni kwamba Hargrove anampigia katikati ya mistari, si juu yake. Sauti ya rekodi ni ya klabu, na glasi zimo. Asiyependa glasi aiache.

Sondheim

Novemba 2013 aliimba New York City Center pamoja na Bernadette Peters, Norm Lewis na Jeremy Jordan, huku Wynton Marsalis na orkesta ya Jazz at Lincoln Center wakisindikiza, katika onyesho la nyimbo za Sondheim. Waimbaji hao watatu ni watu wa Broadway, yaani tamthilia za muziki za New York. Yeye alikuwa mtu wa jazz asiyekulia kwenye nyimbo zile, na miaka sita baadaye akatoa Move On, albamu nzima ya Sondheim.

Ugumu wa nyimbo hizi kwa mwimbaji wa jazz uko hivi. Wimbo wa kawaida wa jazz ni nguo pana. Unaweza kuukunja, kuuvuta, kubadilisha melodia, na bado unabaki wimbo ule ule. Sondheim aliandika noti kwa kufuata silabi, kwa mhusika fulani katika tukio fulani, na ukisogeza silabi moja mahali pabaya sentensi nzima inapoteza maana. Aimée amesogeza mahadhi ya chini na kuyaacha maneno karibu yalivyo. Anayetafuta skati nyingi hatazipata hapa kwa wingi wa albamu za magitaa, na hilo si pungufu.

Marry Me a Little ndiyo ya kusikiliza kwanza. Wimbo uliondolewa katika tamthilia ya Company kabla haijafunguliwa 1970, na hapa umewekwa kwenye gitaa la Figueiredo. Mpangilio wa wawili hao uliteuliwa kwa Grammy za mwaka 2020. Kisha Un Baiser d'Adieu, ambayo ni One More Kiss ya tamthilia ya Follies ikiwa kwa Kifaransa. Katika Kiingereza wimbo huo ni wa kizamani makusudi, kama opereta ya bibi. Kwa Kifaransa unakuwa wimbo wa mtaani wa Paris, na pengine ndiyo dakika bora za albamu.

Kinachoniudhi kidogo ni ubadilikaji. Kila wimbo una vyombo vyake na mwendo wake, na ukisikiliza mfululizo unahisi kama umepelekwa maduka mengi kwa siku moja. Sikiliza tatu, pumzika, rudi.

New Orleans na kuendelea

Petite Fleur, iliyotolewa na Storyville, lebo ya Denimaki, ni kazi yake na New Orleans Jazz Orchestra ya mpiga drams Adonis Rose, baada ya yeye kuhamia mji huo. Jina linatoka kwenye utunzi wa Sidney Bechet wa 1952. Bechet alizaliwa New Orleans 1897, akahamia Ufaransa akiwa mtu mzima, akafia huko 1959. Aimée amepita njia ile ile akitokea upande wa pili. Wazo ni zuri, na katika wimbo wenyewe wa Petite Fleur linatimia: Bechet alitetemesha kila noti ya saksofoni yake ya soprano, na mwimbaji huyu anaziimba karibu kavu, bila kujaribu kumwiga.

Kwingineko bendi inamshinda uzito. Si kosa la Rose wala la wapuliza vyombo, wanapiga vizuri sana. Bendi kubwa inapofika kilele cha mpangilio, mwimbaji anatakiwa awe juu ya kilele hicho, na koo jepesi likisukumwa linapoteza ule ukwaruzo na ule uhuru wa kuchelewa. Kwenye nyimbo za taratibu hasara hiyo haipo. Nunua baada ya kumzoea.

I'll Be Seeing You ya mwaka huo huo, yeye na Valeanu tu, ni kinyume chake kabisa. Ni albamu ndogo ya kusikiliza usiku, haina mshangao, na haijaribu kuwa nayo.

À Fleur de Peau ya 2024, kwa lebo ya Whirlwind ya London, ndiyo ya kwanza ambayo karibu nyimbo zote ni zake mwenyewe. Ilianzia Kostarika, alikokuwa akijijengea nyumba msituni, na imezalishwa pamoja na Jake Sherman. Tabaka za sauti alizozifanyia mazoezi kwenye lupu zimekuwa sasa ndiyo bendi yenyewe, zikichanganyika na kinanda. Mpenzi wa la pompe atakosa magitaa yake. Aliyemjua kama mtunzi kupitia vipande viwili vitatu vya albamu za nyuma atafurahi kumpata peke yake, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania.

Kabla hujalipa

Mtandaoni tafuta kwa majina yote mawili, kwa sababu Cyrille peke yake Ufaransa ni jina la wanaume pia, na utaletewa wachezaji mpira. Alama ya é mara nyingi si lazima. Angalia sana albamu za moja kwa moja, kwa kuwa ziko zaidi ya moja: Live at Smalls ya 2011, Live at Birdland ya 2013, na Live ya 2018, ambayo ni kundi la magitaa likiwa jukwaani. Ya 2018 ndiyo ya kumfaa aliyezipenda It's a Good Day na Let's Get Lost. Majina Smile, Let's Get Lost na Petite Fleur yametumiwa na watu wengi, na Let's Get Lost pekee itakuletea mpiga tarumbeta Chet Baker kwanza.

Mwisho ni spika. Uzi wa chini wa besi ya kusimama unalia kwenye herzi 41, na spika ya simu haifiki hata karibu na hapo. Laverne Walk kwenye simu ni mwanamke anayeimba peke yake na mtu anayegonga mbao. Tumia hedifoni za waya au redio yenye spika ya inchi tano na kuendelea. Spika ndogo za bluetooth zinazojisifu kwa besi nazo si dawa: zinavimbisha eneo la herzi 100 hivi, na noti za besi zote zinatoka na unene mmoja. Ukisikia besi ikitembea hatua kwa hatua, kila noti na urefu wake, basi umeiweka sawa.